Basaglia alifungua mlango, sawa, ila mgonjwa alibaki na nani?

Ukimtaja Franco Basaglia utasikia ama ni mtakatifu ama naye alikuwa kichaa tu, mi naona pande zote mbili zina chumvi. Huyu ni daktari wa Italia aliyepewa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gorizia 1961. Utaratibu ulikuwa asubuhi mkuu analetewa daftari la waliofungwa kwenye vitanda usiku, anasaini. Yeye akagoma. Ujue ujanani mafashisti walishamsweka ndani, akasema harufu ya pale ilimrudisha jela.

1971 akahamia Trieste, wagonjwa kama 1,200. 1973 wagonjwa na wasanii wakaunda sanamu la farasi wa bluu, Marco Cavallo, jina la farasi wa kweli aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo za kufua pale hospitali, siku ya kulitoa sanamu halipiti mlangoni, likubwa mno, ikabidi wabomoe. Raha tupu! Halafu 1978 harakati zake zikazaa sheria ya Italia namba 180, hospitali za wagonjwa wa akili zisipokee tena wagonjwa wapya na zifungwe polepole.

Sasa wapinzani. Wanapenda kukumbusha kwamba 1968 mgonjwa wa Gorizia aliyepewa ruhusa ya siku moja alienda kumuua mkewe, Basaglia akashtakiwa, akaachiwa. Inaumiza, ila kufunga maelfu kwa kosa la mmoja mi siafiki. Hoja yao nzito ni nyingine: familia. Trieste kulikuwa na vituo mtaani, vinafanya kazi saa 24, na vitanda vichache vya kulala, lakini mikoa mingi sheria ilifika hela haikufika, kwa hiyo mama mtu ndo akageuka nesi, mlinzi na mpishi, usiku mwanae hajalala naye halali. Watetezi wanajibu eti sheria nzuri, utekelezaji mbovu. Mmh, hilo jibu rahisi sana bana, ukitunga sheria bila bajeti unajua kabisa mzigo unamwangukia nani.

Ila hapo lawama zaidi nawapa wanasiasa kuliko Basaglia, maana kule Trieste waliokaa ndani miaka mpaka hawana pa kurudi hakuwatupa barabarani, aliwabadilishia hadhi wakawa wageni wa hospitali, sio wagonjwa tena, wanalala palepale, wanatoka na kurudi wakitaka.