Salamu Kutoka Ndani ya Duveti

Nilipojiandikisha katika mafunzo ya awali ya huduma za hoteli, niliamini kwamba kutandika kitanda ni jambo analolijua kila mwenye mikono miwili, na kwamba somo hilo lingenipa nafasi ya kupumzika huku nikihifadhi nguvu kwa ajili ya somo la kubeba trei, ambalo ndilo lililokuwa na sifa ya kuvunja watu mioyo na kuvunja glasi.

Wiki ya kwanza ilinitoa tongotongo. Kumbe kona ya shuka hukunjwa kwa nyuzi 45 na kuchomekwa chini ya godoro hadi ifanane na mgongo wa bahasha. Kumbe kitanda hutandikwa kabla ya kufuta vumbi, kwa sababu mashuka yakikung'utwa hutoa nyuzinyuzi zinazotua juu ya meza uliyokwisha kuing'arisha. Kumbe hata vitambaa vya kufutia vina rangi zake, na chekundu ni cha choo peke yake, wala mkufunzi hakutaka kusikia hadithi ya mtu aliyekipitisha kwenye glasi ya kupigia mswaki kwa bahati mbaya. Kila asubuhi tulikaguliwa kucha, kola na viatu. Viatu vyangu vyeusi nilivipaka rangi kwa wingi usiku, nikavisugua hadi vikang'aa, na niliona fahari kwamba hakuna aliyenishinda katika jambo hilo. Naomba msomaji avikumbuke viatu hivyo.

Kanuni iliyosisitizwa kuliko zote ilihusu mgeni anayerudi chumbani wakati usafi unaendelea. Acha unachokifanya, mgeukie, mtazame usoni, tabasamu, msalimie, kisha kwa upole lakini bila kulegea mwombe ajaribu kadi yake ya kufungulia mlango kwenye kitasa, kwa sababu mlango ulioachwa wazi humkaribisha mwenye chumba na mwizi bila kuwabagua. Hatimaye muulize kama angependa uendelee au urudi baadaye. Tulikariri hatua hizo hadi nikawa nazitamka usingizini.

Tatizo langu lilikuwa duveti, yaani lile tandiko nene la kujifunika linalovikwa kava kama mto. Njia tuliyofundishwa ni ya kuligeuza kava ndani nje, kuingiza mikono hadi kwenye pembe zake mbili za mbali, kuzikamata pembe za duveti kupitia kitambaa hicho hicho, kisha kulipindua lote kwa mkung'uto mmoja. Mkufunzi aliufanya mkung'uto ule kama mtu anayepunga leso. Mimi ni mfupi, na duveti lile lilikuwa na sentimita 220 kwa 240, hivyo kila nilipokung'uta, pembe mbili ziliingia mahali pake, ya tatu ikafuata kwa kubembelezwa, na ya nne ikabaki imejikunja ndani kama ngumi.

Siku ya mtihani wa vitendo tulipewa dakika 30 kwa kila chumba. Tuliambiwa kwamba mtahini angepita wakati wowote akiwa na mwalimu wa mapishi, ambaye angeigiza mgeni. Nilibisha mlango mara tatu, nikajitambulisha, nikasubiri, nikabisha tena, nikaingia, nikafungua mapazia na kuvua mashuka ya zamani. Shuka jipya la chini lililala bila mkunjo hata mmoja. Kisha nikafika kwenye duveti, na pembe ya nne, ile ya juu upande wa ukutani, ikafanya kama kawaida yake.

Zilikuwa zimebaki dakika 8. Niliingiza mkono, haukufika. Nikaingiza kichwa na bega, bado kiganja kimoja. Nikasema moyoni kwamba hakuna anayeona, nikapanda kitandani kwa magoti na kuingia mzima mzima.

Pembe niliipata, nikainyoosha, na kwa muda wa pumzi mbili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha, nimezungukwa na weupe mtupu na harufu ya sabuni. Ndipo nilipogeuka ili nitoke. Sasa, makava ya aina ile hayana vishikizo. Mdomo wake una ulimi mpana wa kitambaa unaokunjwa kuelekea ndani ili duveti lisichungulie, na ulimi ule ulikuwa umejifunga nyuma yangu. Nilipapasa upande mmoja, nikakuta mshono. Nikapapasa upande wa pili, mshono. Nikazunguka tena, na sasa sikujua hata kitanda kimeelekea wapi.

"Hodi chumbani!" ikasema sauti ya mwanamke.

Hapo ndipo mafunzo yalipofanya kazi yake. Niliacha nilichokuwa nikikifanya, ambacho kwa kweli kilikuwa ni kuogopa. Niligeukia upande sauti ilikotokea. Nilitabasamu, na katika hili naomba niaminiwe, maana shahidi hayupo.

"Karibu sana, mheshimiwa. Habari za mchana?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu.

"Nzuri," sauti ikajibu, ikiwa imepanda kidogo.

"Samahani kwa usumbufu, natandika kitanda. Kabla sijaendelea, naomba ujaribu kadi yako kwenye kitasa. Ni kwa ajili ya usalama wako."

Nilisikia hatua zikirudi mlangoni, kisha mlio mdogo wa kitasa kukubali.

"Imekubali."

"Ahsante, mheshimiwa. Je, ungependa niendelee, au niondoke nirudi baadaye?"

"Kijana," akauliza polepole, "kuondoka unaweza?"

Nililitafakari swali lile kwa uaminifu wote. "Kwa sasa hapana, mheshimiwa."

Kitu kizito kikaegemea toroli langu la vifaa vya usafi na chupa zote zikaanza kugongana. Baadaye nilielezwa kwamba alikuwa ni yeye mgeni, akitafuta mahali pa kushika asije akaanguka kwa kicheko. Mtahini hakucheka. Nilimsikia akisema kwa sauti kavu kwamba kanuni zinamkataza kumsaidia mtahiniwa kwa namna yoyote, na wakajadiliana pale, juu ya kichwa changu, iwapo kumtoa mtu ndani ya duveti ni msaada au ni uokoaji. Hatimaye mwalimu wa mapishi aliamua kwamba yeye ni mgeni, kitanda ni chake, na mgeni hahitaji ruhusa ya mtu kugusa matandiko yake. Akauinua ule ulimi, mwanga ukaingia, nami nikatoka kinyumenyume, miguu kwanza, nywele zikiwa zimesimama kama za mtu aliyekamata waya wa umeme.

Mtahini alilitazama duveti. Pembe zote nne zilikuwa mahali pake, na akaandika kitu kwenye karatasi yake ya alama. Moyo wangu ukaanza kutulia. Kisha akaushika mdomo wa kava kwa vidole viwili na kuufunua, kama mtahini yeyote anayejua kazi yake. Ndani ya kava lile jeupe palikuwa na michirizi ya rangi nyeusi ya viatu, mirefu, ikizunguka na kurudi ilikotoka, ramani kamili ya safari yangu yote ya kutafuta mlango.

Karatasi ya alama nilikabidhiwa jioni. Salamu: vizuri sana. Usalama wa mgeni: vizuri sana, na chini yake mstari mara mbili. Kumtazama mgeni usoni: kistari kifupi. Kitanda: kirudiwe.

Nilikirudia baada ya wiki 2. Mtahini alileta kiti, akakiweka mlangoni na kuketi, na kabla sijaligusa hata shuka la kwanza akaniomba nivue viatu.