Mwulizeni anatembeaje, si amezaliwa lini

Juzi nilimsindikiza mama mkubwa hospitali hapa Tanga. Jiwe la figo halimpi usingizi. Daktari akatazama kadi, akaona miaka 74, akasema, "Bibi, kwa umri huu upasuaji ni hatari." Basi. Mwanamke huyu hutoka Makorora kwa miguu mpaka sokoni Ngamiani na hurudi na kapu kichwani! Pembeni yetu palikuwa na baba mmoja, mdogo kwake sana, suruali inampwaya, kijana wake amemshika kwapa. Yeye alishapangiwa siku ya upasuaji. Naye hakuulizwa kitu.

Hili limenikera mno. Mwaka 2001 Linda Fried, daktari wa wazee, na wenzake kule Marekani walitaja dalili tano za mzee aliyeishiwa akiba ya nguvu: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usiokwisha, mkono usiokaza ukishika kitu, mwendo wa taratibu, na kutojishughulisha. Ukiwa nazo tatu, mwili wako ni dhaifu. Mwaka wa kuzaliwa haumo. Kipo pia kipimo kinachotaka kiti na saa tu: mgonjwa ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae. Nakubali, foleni ni ndefu na madaktari ni wachache. Lakini hata muuguzi anaweza kukifanya mgonjwa akisubiri kuitwa.

Na jibu lake lisitumike kumnyima mtu tiba. Lisaidie kuchagua. Jiwe kubwa mara nyingi hufuatwa kwa kutoboa mgongoni hadi kwenye figo. Mengine hufikiwa kwa kamera nyembamba inayopita njia ya mkojo, bila kutoboa, na damu kidogo zaidi. Aliye dhaifu huenda akafaa njia ya pili, au ale vizuri kwanza, sukari na presha zitulie, mkojo upimwe vijidudu na vitibiwe. Figo iliyoziba na kuingia maambukizi ndiyo haisubiri: mkojo utolewe haraka, jiwe baadaye.

Ndugu zangu, mkimpeleka mzazi msingoje kuulizwa. Semeni kama huanguka, kama anajiogesha mwenyewe, nguo zimeanza kumpwaya tangu lini, anasahau nini. Semeni na nani atalala naye akisharuhusiwa. Kisha mwulizeni daktari, kabla hamjatia saini: akitoka hapa, ataweza tena kujipikia?