Kabla ya kuililia Casgevy

Mjadala wa uhariri wa jeni ukianza mitandaoni kwetu, haupiti muda kabla mtu hajauliza kama matajiri sasa watajiagizia watoto warefu, wenye akili na sura nzuri. Swali hilo lina utamu wake, ila linatupeleka mbali na jambo lenyewe. Tiba ya kwanza kuidhinishwa duniani ya CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni kwa kuikata mahali palipochaguliwa, Casgevy, ni ya selimundu na ndugu yake thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi. Uingereza iliipitisha Novemba 2023, Bahrain na Marekani zikafuata Desemba, Saudi Arabia Januari 2024. Na selimundu ni ugonjwa wetu: kwa Tanzania peke yake inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Ukitaka kujua maadili yanaumia wapi, angalia tiba hiyo inavyofanyika, hatua kwa hatua.

Chanzo cha selimundu ni herufi moja tu ya vinasaba kwenye jeni ya beta-globini, sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, kromosomu ya 11: A imegeuka T. Hemoglobini inayotokana na kosa hilo, yaani S, ikipungukiwa oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi, chembe nyekundu inapinda na kuziba mishipa midogo. Wengi wanadhani Casgevy inaisahihisha herufi hiyo. Haiigusi kabisa. Inakwenda kromosomu ya 2, inakata kipande kinachoipa nguvu jeni ya BCL11A ndani ya seli zinazozaa chembe nyekundu. BCL11A ndiyo inayozima hemoglobini ya kijusi, F, miezi michache baada ya mtoto kuzaliwa. Ikidhoofishwa, F inarudi kuzalishwa, na F haijiungi na zile nyuzi za S. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona bado ni SS, yaani nakala zake zote mbili za jeni zina kosa la S, na kila mtoto atakayemzaa atapokea S moja kutoka kwake. Hilo linapaswa kusemwa waziwazi kwa familia kabla ya saini yoyote.

Sasa hatua zenyewe. Kwanza mgonjwa hubadilishiwa au huongezewa damu kwa angalau wiki nane, ili hemoglobini S ishuke chini ya asilimia 30. Kisha anachomwa pleriksafori, dawa inayozitoa seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, kwenye uboho na kuzileta kwenye damu. Dawa iliyozoeleka kwa kazi hiyo, G-CSF, haitumiki hapa kwa sababu inaweza kumletea mwenye selimundu shambulio la kumuua. Mashine inachuja seli hizo, na mara nyingi awamu moja haitoshi: zinatakiwa angalau milioni 3 zilizohaririwa kwa kila kilo ya uzito, na nyingine milioni 2 kwa kilo zisizoguswa, zinazowekwa akiba ikiwa mambo yatakwenda kombo. Mtoto wa kilo 40, basi, anahitaji seli milioni 120 za tiba na milioni 80 za akiba. Maabara huzipiga shoti ya umeme ili Cas9, ule mkasi wa kukata vinasaba, na RNA elekezi inayouonyesha pa kukata zipenye, halafu huzipima na kuzigandisha. Kutengeneza na kupima kunaweza kuchukua hadi miezi sita, na muda wote huo mgonjwa anaendelea kuugua.

Seli zikirudi ndipo inapokuja busulfani, dawa kali ya jamii ya zile za saratani, siku nne mfululizo kwa mshipa. Kazi yake ni kuufuta uboho wa zamani ili seli mpya zipate pa kukaa. Baada ya hapo mtu anabaki bila kinga kwa takribani wiki nne: vidonda mdomoni na kooni mpaka kumeza mate ni taabu, homa, hatari ya kutokwa damu, chumba cha kutengwa, chupa za chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa tayari muda wote.

Kwangu hapa ndipo penye swali zito kuliko mkasi wa jeni. Busulfani inaweza kuua uwezo wa kuzaa. Ilipoidhinishwa, tiba iliruhusiwa kuanzia miaka 12. Mvulana aliyebalehe anaweza kuhifadhi mbegu, japo gharama ya kuzigandisha kwa miaka mingi ni ya nani? Kwa msichana wa miaka 12 njia ni kukatwa kipande cha ovari na kukigandisha, upasuaji mwingine kwa mtoto ambaye dawa ya usingizi tayari ni hatari kwake. Mzazi anasaini leo, mtoto anakuja kuijua gharama akiwa na miaka 25, pengine ameshaolewa. Fomu ya ridhaa inayoandika tu "athari kwa uzazi" kati ya mistari thelathini haijamwambia mtu chochote.

Matokeo siyapuuzi. Katika jaribio lililopelekwa mbele ya mamlaka ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Aliyewahi kumshika mtoto anayelia mifupa usiku kucha anajua namba hiyo ina maana gani.

Lakini hiyo Cas9 inajuaje pa kukata? RNA elekezi ina herufi 20 zinazotafuta mwenzake kwenye vinasaba, na Cas9 hukata tu pale zinapofuatiwa na alama fupi inayoishia na GG. Usalama hupimwa kwa kupekua vinasaba vya rejea, ramani ya vinasaba inayotumiwa kama mfano wa binadamu wote, kutafuta sehemu nyingine zinazofanana. Tatizo ni kwamba vinasaba vya rejea si vya watu wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kwa RNA elekezi inayolenga sehemu hiyohiyo ya BCL11A, kuna tofauti ya herufi moja, inayopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, inayotengeneza GG mahali ambapo wengine hawana. Kwenye seli za mtu mwenye tofauti hiyo, Cas9 ilikata huko kweli. Watafiti haohao walionyesha kwamba aina ya Cas9 yenye umakini zaidi inapunguza sana kosa hilo. Haijaonyeshwa kwamba kuna mgonjwa aliyedhurika. Hata hivyo, inashangaza kwamba dawa ya ugonjwa unaowapata zaidi Waafrika ipimwe kwa ramani yenye mapengo upande wa Waafrika.

Bei sitaikalia sana: dola milioni 2.2 kwa mgonjwa Marekani, pauni 1,651,000 kwa bei ya orodha Uingereza, ambako tangu Januari 2025 mfumo wa afya wa umma wa England umekubali kuilipia kwa baadhi ya wagonjwa. Hata ikigawiwa bure Mwanza kesho, bado utahitaji mashine ya kuchuja seli, vyumba vya kutengwa, benki ya damu isiyokauka na wauguzi waliozoea wagonjwa wasio na kinga. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu kutoka kwa ndugu zao. Miundombinu ya kazi hiyo ndiyo hiyohiyo, kwa hiyo fedha zianzie hapo.

Na zianzie chini zaidi. Tone la damu ya kisigino kwa kila kichanga kupima selimundu, na kwa wanaogundulika nayo, penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hadi miaka mitano, na haidroksiurea, kidonge kinachopandisha hemoglobini F hiyohiyo bila kukata jeni. Jaribio lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda lilionyesha kwamba kwa dozi iliyoanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku kisha ikapandishwa, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua.

Tuje kwa kuhariri kiinitete. Mwanasayansi He Jiankui wa China alitangaza Novemba 2018 kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri wakiwa viinitete, akafungwa miaka mitatu. Aligusa jeni ya CCR5 kuwakinga na VVU ya baba, wakati kuosha mbegu za baba ili kuzitenganisha na virusi kulikuwa kunatosha. Mabadiliko yaliyotokea kwenye jeni hiyo hayakuwa yale ya asili yanayojulikana kuwakinga baadhi ya binadamu. Kwa selimundu hoja ni finyu vilevile: wenzi wawili wa AS, yaani kila mmoja ana nakala moja nzima na moja ya S, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, na kupima viinitete kabla ya kupandikizwa tumboni, ili kuchagua asiye SS, kunawatosha. Wanaobaki bila njia hiyo ni wenzi ambao wote ni SS. Kwa ajili yao peke yao, sioni sababu ya kufungua mlango wa mabadiliko yanayorithiwa.

Ninachokisubiri ni uhariri ndani ya mwili: dripu ya chembechembe za mafuta zinazobeba mhariri mpaka kwenye uboho, bila busulfani. Mwaka 2019 taasisi ya afya ya taifa ya Marekani na wakfu wa Gates waliahidi dola milioni 100 kila mmoja kwa tiba za namna hiyo, zitakazofika Afrika. Majaribio yake yakija kwetu, kamati zetu za maadili zidai vitu vitatu kwenye karatasi: vipimo vya kuonyesha mhariri haufiki kwenye korodani na ovari, upekuzi wa usalama uliotumia vinasaba vya watu wa eneo la jaribio, na jina la atakayelipia ufuatiliaji wa miaka 15, muda uleule wanaopewa wagonjwa wa Marekani.