Mbu sugu, chandarua kipya na mwaka wa tatu

Kila inapotajwa malaria ya watoto Kanda ya Ziwa, hoja mbili hugongana. Wapo wanaosema mbu wameshaizoea dawa, chandarua kimebaki pazia tu, na fedha zielekezwe kwingine. Wapo wanaosema chandarua bado ndiyo kinga namba moja, na anayekizungumzia vibaya anawapa watu kisingizio cha kutokitumia. Ubaya ni kwamba kila upande una utafiti wake mkononi, na tafiti zenyewe si za kubabaisha.

Nianze na hao wa pili, maana siku hizi ndio wanaobezwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliratibu utafiti katika nchi 5: Benin, Kameruni, India, Kenya na Sudan. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016. Walichotaka kujua ni kama pale mbu walipokuwa sugu zaidi ndipo watoto walipougua zaidi. Uhusiano huo haukuonekana. Mtoto aliyelala ndani ya chandarua chenye dawa aliugua mara chache kuliko asiyelala humo, penye usugu mkubwa na penye usugu mdogo. Ongeza na hili: inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 juhudi za kudhibiti malaria ziliepusha visa milioni 663 barani Afrika, na kama asilimia 68 ya hivyo ni kazi ya vyandarua. Kifaa chenye historia hiyo hakitupwi kwa sababu ya kichwa cha habari.

Sasa twende Misungwi, mkoani Mwanza. Mwaka 2019 kaya zaidi ya 39,000 ziligawiwa aina 4 za vyandarua: vya kawaida vyenye pairethroidi peke yake, yaani dawa ya kuua mbu iliyozoeleka kwenye neti, na aina 3 zilizochanganywa na kitu cha pili. Baada ya miaka miwili watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 walitobolewa kidole na kupimwa. Waliokuwa kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida, asilimia 45.8 walikutwa na vimelea. Kwenye vijiji vya chandarua chenye pairethroidi na klorfenapiri, dawa ya jamii nyingine, asilimia 25.6. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2022, na Machi 2023 WHO ikapendekeza rasmi vyandarua vya klorfenapiri badala ya vile vya zamani pale mbu walipo sugu kwa pairethroidi. Kabla ya hapo Muleba, mkoani Kagera, ilishaonyesha kitu cha namna hiyo kwa vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoisaidia pairethroidi. Miezi 9 baada ya ugawaji, asilimia 31 ya watoto walikuwa na vimelea, dhidi ya 55 kwenye vijiji vya chandarua cha kawaida.

Tafiti hizi zinaonekana kupingana, lakini ukizisoma vizuri utaona kila moja ilijibu swali lake. Ule wa nchi 5 ulilinganisha anayelala kwenye chandarua na asiyelala. Hizi za Kagera na Mwanza zimelinganisha chandarua kwa chandarua. Inawezekana kabisa kifaa kikawa bora kuliko kutokuwa na kitu, na hapo hapo kikawa kimepoteza nusu ya nguvu zake. Tena kilichopotea si rahisi kukiona ukiwa chumbani. Chandarua kilifanya kazi mbili: kumkinga aliye ndani, na kumuua mbu asiende kwa jirani. Usugu huanza na hiyo ya pili. Mtoto aliye ndani bado amekingwa kwa kiasi, ila yule wa nyumba ya tatu asiye na chandarua, aliyekuwa akifaidi kimyakimya vifo vya mbu kwa wenzake, ndiye anayeanza kuugua.

Usugu hupimwa hivi. Huchukuliwa mbu majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, wakatiwa 20 hadi 25 kwenye kopo la plastiki lililozungushiwa kwa ndani karatasi yenye dawa. Hukaa humo saa 1. Kisha huhamishiwa kopo safi lenye pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, na kesho yake saa ile ile huhesabiwa waliokufa. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa inauma. Wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Penye usugu mkali utawakuta wengi wameng'ang'ania pamba wanafyonza sukari kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wanachofanya miilini mwao ni kuisaga pairethroidi kwa vimeng'enya kabla haijawadhuru. PBO kazi yake ni kuvizuia vimeng'enya hivyo. Klorfenapiri ina ujanja zaidi, maana inapoingia mwilini bado si kali, na ni vimeng'enya vile vile vinavyoigeuza kuwa sumu kali. Mbu anajipikia kifo chake. Lakini hafi papo hapo. Huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo mama aliyepewa neti mpya juzi, akaamka asubuhi akakuta mbu wanaranda ukutani wakiwa wazima, ana haki ya kudhani amepewa neti feki. Hili lilipaswa kuelezwa siku ile ile ya kugawa neti, kabla ya hotuba za wageni rasmi.

Hadi hapa ungedhani mjadala umekwisha, tununue aina mpya tulale. Mimi naona ndipo unapoanza. Chandarua cha muda mrefu kinatarajiwa kudumu miaka 3 na kustahimili kufuliwa mara 20, na kampeni nyingi za ugawaji zimepangwa kwa mzunguko huo. Huko Misungwi, kufikia mwaka wa tatu idadi ya watu waliokuwa bado wanalala kwenye vyandarua vya utafiti ilikuwa imeporomoka. Vyandarua vya PBO, vilivyofanya vizuri mwaka wa kwanza, kwenye kipimo cha miaka miwili havikuwa tena na tofauti ya maana na vya kawaida (asilimia 40.7 ya watoto walikuwa na vimelea, dhidi ya 45.8). Chandarua huchomekwa chini ya godoro kila usiku, kikasuguana na ubao wa kitanda au mkeka. Watoto watatu wanalala humo wakigeuka. Kinaanza kuchanika pembeni chini, pale pale panapokaribiana na miguu. Kikichoka kabisa kinaenda bustanini kufunika mchicha.

Zamani tundu halikuwa tishio kubwa, kwani mbu aliyegusa kitambaa alifukuzwa na dawa au alidondoka kabla hajalipata. Mbu sugu anatembea juu ya kitambaa bila haraka mpaka alipate. Maana yake usugu umepandisha thamani ya uzi na sindano. Wanaobishana kuhusu dawa ipi iwekwe wanasahau kwamba chenye kuchakaa haraka ni kitambaa, na dawa yenyewe hupungua kila kinapofuliwa.

Dawa mpya nazo si za milele. Pairethroidi haikupuliziwa kwenye neti peke yake. Imo kwenye makopo ya dawa ya mbu ya dukani, imo kwenye koili, na hupulizwa kwenye pamba, na Kanda ya Ziwa ndiko pamba ya nchi inakolimwa kwa wingi. Klorfenapiri pia ni dawa ya mashambani. Zanzibar ilishaonja hili: upuliziaji majumbani ulianza mwaka 2006 kwa dawa ya jamii ya pairethroidi, Pemba mbu wakawa sugu, ikabidi kuhamia bendiokabi, dawa ya jamii nyingine. Tukiitumia klorfenapiri kila mahali, nyumbani na shambani, tutairudia njia ile ile.

Wanaotaka fedha ziende kwingine wana hoja, ingawa kila njia ina mapengo yake. Chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo, ilipendekezwa na WHO Oktoba 2023. Pale ilipotolewa kwa kufuata umri, ilipunguza visa kwa asilimia 68 mwaka wa kwanza. Ni kubwa, lakini inamlenga mtoto mdogo. Mwanafunzi wa darasa la tatu mwenye vimelea damuni hayumo. Viuaviluwiluwi vya kiwanda cha Kibaha vinafaa penye mazalia machache, yasiyohama na yanayoonekana. Wengi wanasema vijijini haiwezekani, na kwa madimbwi ya kwato za ng'ombe wakati wa masika nakubali. Ila mbu aina ya Anopheles funestus, mmoja wa wasambazaji wakubwa huko vijijini na aliyeongoza pia Misungwi, hupenda maji ya kudumu yenye majani, na kiangazi maji hayo yanahesabika. Hapo watu wa viluwiluwi wananishawishi. Tiba nayo si ya kuegemea sana: huko Karagwe wameshathibitika vimelea wanaochelewa kufa kwa artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto. Mtoto wa Kagera anaweza kukutana na mbu sugu usiku na kimelea kisichosikia dawa vizuri baadaye.

Nikiulizwa fedha ziende wapi kwanza, nitasema kwenye kuziba mwaka wa tatu. Tanzania tayari ina njia: tangu 2013 neti hugawiwa kupitia shule za msingi, ikianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma, kisha mikoa mingine. Kila mwaka neti mpya zinaingia kwenye kaya, hazisubiri kampeni. Kliniki nayo humpa mama mjamzito na mtoto anayekwenda chanjo ya surua. Udhaifu wake tunaujua. Neti ya mwanafunzi hufika nyumbani ikapandishwa kitandani kwa baba, na kaya isiyo na mwanafunzi wala mjamzito haipati kitu. Lakini ni udhaifu unaorekebishika na mwalimu, mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Gharama ndiyo inayonikwaza. Chandarua cha klorfenapiri ni ghali kuliko cha kawaida, na ukikibadilisha kila baada ya miaka miwili gharama inapanda tena, wakati misaada ya Marekani, iliyobeba sehemu kubwa ya mapambano haya tangu mpango wa rais wa nchi hiyo ulipoanzishwa mwaka 2005, iliyumba vibaya mwaka 2025. Huwezi kuhudumia wilaya zote hivyo. Ningechagua wilaya zenye usugu uliopimwa na maambukizi ya juu zipate klorfenapiri kila baada ya miaka miwili, na zenye maambukizi kidogo zibaki na chandarua cha bei nafuu. Wapo watakaosema huo ni ubaguzi, mtoto wa Kilimanjaro apewe neti duni kwa kosa gani. Jibu langu ni kwamba kwa mbu na maambukizi ya Kilimanjaro neti hiyo bado inatosha, na tofauti ya bei ndiyo itakayomnunulia mtoto wa Misungwi neti ya pili kabla ya kwanza haijaishia kwenye mchicha.