Anayehoji Bili ya Simu Si Mkwepa Deni

Dawa ya deni ni kulipa. Hakuna anayebishana na hilo, na ndiyo maana mtu anayegoma kulipa bili ya simu haonewi huruma. Akilalamika kwamba wakusanya madeni hawampi usingizi, atajibiwa kwamba simu aliitumia mwenyewe, basi alipe, yaishe. Ila methali hiyo inaanzia pale ambapo deni limekwisha kujulikana: nani anadaiwa, anadaiwa na nani, kiasi gani, na kwa lipi. Katika bili ya simu yenye ubishi, hayo manne ndiyo yanayogombewa. Na yule anayepiga simu kutwa mara tano, mara nyingi hana jibu la hata mawili kati yake.

Upande wa mdai una hoja zake, na si hoja za kubeza. Kampuni inayompa mteja laini ya kulipia mwisho wa mwezi, pengine na simu yenyewe ya kulipia kidogo kidogo, imemkopesha bila rehani. Mteja akitupa laini na kuhamia kwingine, kampuni inabaki na jina, anwani ya zamani na namba isiyopatikana. Hasara hiyo haipotei hewani, huishia kwenye bei wanayolipa wateja waaminifu. Tena wapo wanaoanza kusema "hii bili naipinga" siku barua ya mwisho inapofika, baada ya miezi ya kutopokea simu. Kijana wa kituo cha simu hana namna ya kumtofautisha huyo na mwenye malalamiko ya kweli. Amepewa orodha, ana lengo la kufikisha kabla ya mwezi kwisha, na msimamizi anasikiliza anavyoongea. Kumtukana hakubadilishi chochote, na rekodi ya matusi inabaki kwenye faili lako, si lake.

Chukua dakika ya kwanza ya mazungumzo yao, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. "Kabla hatujaendelea, naomba unithibitishie tarehe yako ya kuzaliwa." "Wewe ni nani kwanza?" "Siwezi kukueleza hadi nihakikishe naongea na mhusika." Kwa anayepigiwa, huo ni utapeli mtupu: mtu asiyemjua anataka taarifa zake na hataki kusema shida yake. Kwa anayepiga, sheria ndiyo inayomfunga mdomo. Marekani, sheria ya ukusanyaji madeni ya mwaka 1977 inamkataza kumwambia mtu mwingine kuhusu deni lako, awe jirani, ndugu au mwajiri. Akitamka neno "deni" kwa mtu asiye sahihi, amevunja sheria. Kwa hiyo wote wawili wako sawa, na wote wawili wanaishia kupandisha sauti. Njia ya kutoka ni kutothibitisha chochote. Uliza jina la kampuni, anwani yake na namba ya kumbukumbu ya dai, mwambie unataka kila kitu kwa maandishi, kisha kata simu. Halafu ipigie kampuni yako ya simu kwa namba iliyo kwenye bili ya zamani, si kwa namba uliyopewa na mpigaji, uulize kama kweli deni lako limepelekwa huko.

Sasa tuje kwa anayebisha. Dhana kwamba ubishi wa bili ni visingizio ilipaswa kufa mwaka 2014. Oktoba mwaka huo kampuni ya AT&T ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 105 kumaliza madai ya serikali kwamba iliwatoza wateja huduma za watu wengine ambazo hawakuziomba: milio ya simu, utabiri wa nyota, vidokezo vya mapenzi kwa ujumbe mfupi, kwa kawaida dola 9.99 kila mwezi. Desemba T-Mobile ikafuata kwa kiasi kisichopungua dola milioni 90. Mei 2015 Verizon na Sprint kwa pamoja zikakubali dola milioni 158. Kwa mujibu wa serikali, AT&T ilikuwa ikibakiza asilimia 35 au zaidi ya kila tozo, na ukurasa wa kwanza wa bili ulionyesha jumla tu, bila dalili kwamba ndani yake kuna fedha za mtu wa tatu. Mteja aliyegundua mwezi wa nane kwamba amekuwa akilipia nyota zake, akagoma kulipa bili ya mwezi huo, kwenye kumbukumbu za kampuni alionekana mdaiwa kama wadaiwa wengine. Na hapo sijagusa ada za kuvunja mkataba, bili zinazoendelea kutoka baada ya laini kufungwa, wala intaneti ya ugenini, ile unayotumia ukiwa nchi nyingine, ambayo iliumiza watu kiasi kwamba tangu Julai 2010 Umoja wa Ulaya uliziagiza kampuni ziikate ikifika euro 50 kabla ya kodi, isipokuwa mteja awe ameridhia kuendelea.

Ila kinachonifanya niegemee upande wa mteja si makosa ya bili yenyewe. Makosa hutokea popote. Ni kile kinachofuata deni likiuzwa, yaani kampuni ikimwachia mtu mwingine haki ya kulidai.

Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitoa ripoti baada ya kuwalazimisha wanunuzi wakubwa wa madeni kufungua vitabu vyao. Madeni waliyonunua, mengi yakiwa ya kadi za mkopo, waliyalipia kwa wastani senti 4 kwa kila dola. Yaliyokuwa na umri wa miaka 3 hadi 6 yalinunuliwa kwa senti 3.1, na ya miaka 6 hadi 15 kwa senti 2.2. Chukua basi bili ya dola 400 iliyouzwa kwa bei hiyo ya wastani: mnunuzi ametoa dola 16. Anapokupigia na kukwambia kwamba leo tu, kwa hisani, atakubali nusu, amekuomba dola 200 kwa kitu alichokinunua kwa 16. Naharakisha kusema kwamba bei hiyo si ushahidi wa wizi. Ni ndogo kwa sababu wengi hawatalipa kabisa, na wachache wanaolipa wanabeba gharama ya kuwatafuta wengine wote. Mfanyabiashara yeyote wa vitu chakavu angefanya hesabu hiyohiyo.

Lakini bei inaeleza pia jambo lingine, na hili ndilo wanaomhukumu mdaiwa haraka hawalioni. Kwa senti 4 hununui ushahidi. Ripoti ileile ilionyesha kwamba wanunuzi kwa kawaida walipata faili la kompyuta: jina, anwani, namba ya akaunti, kiasi, tarehe. Mkataba wa awali au taarifa za bili viliambatana na sehemu ndogo tu ya madeni. Mara chache sana waliambiwa kama mteja aliwahi kulipinga deni hilo. Na mikataba ya mauzo kwa kawaida ilieleza kwamba muuzaji hatoi hakikisho lolote kuhusu usahihi wa taarifa. Fikiria maana yake kwa mtu aliyeandika barua tatu kwa kampuni ya simu, akapewa namba ya malalamiko, akaahidiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Deni likivuka kwenda kwa mnunuzi, yale yote yanabaki nyuma. Kwa mpigaji mpya, yeye ni mtu ambaye hajawahi kusema neno. Anaanza upya, na safari hii kwa mtu ambaye hata akitaka kumsikiliza hana karatasi ya kumsomea.

Na je, ni kweli kwamba kila mtu hubisha ili kuchelewesha? Wanunuzi wale wenyewe waliripoti kwamba madeni yaliyopingwa yalikuwa asilimia 3.2, na kati ya hayo waliweza kuthibitisha takriban nusu. Msomaji asichukulie kwamba nusu iliyobaki yote ilikuwa ya uongo. Mengine huenda hayakustahili gharama ya kufuatilia. Lakini ukiiweka kando ya utafiti wa ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, uliotoka Januari 2017, picha inageuka. Humo, zaidi ya nusu ya waliotafutwa kwa ajili ya deni walisema angalau dai moja lilikuwa na kosa: si lao, ni la ndugu, au kiasi si sahihi. Kwa mtazamo wangu, tatizo kubwa si watu kubisha mno. Wengi wanaona kosa, wanaudhika, na hawaliandiki popote.

Sheria zimejaribu kuziba pengo hilo. Marekani, mkusanyaji wa nje, yaani asiye kampuni iliyokupa huduma, anatakiwa kukutumia maelezo ya deni ndani ya siku 5 tangu akufikie mara ya kwanza, na ukilipinga kwa maandishi ndani ya siku 30 lazima asimame hadi alete uthibitisho. Tangu Novemba 30, 2021, kupiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja kunahesabiwa kuwa usumbufu, labda yeye athibitishe vinginevyo. Wakusanyaji wanaiona idadi hiyo ndogo. Mwenye madeni matatu anayeweza kupigiwa mara 21 kihalali kwa wiki hawezi kukubaliana nao. Ulinzi huo kwa kawaida unamhusu mkusanyaji wa nje, si kampuni ya simu inapokudai yenyewe. Ndiyo maana swali la kwanza liwe: deni hili bado ni la kampuni na ninyi mnatumwa tu, au mmelinunua? Kama mnatumwa, malalamiko yanarudi kwa kampuni, ambayo ina rekodi na inaweza kulirudisha deni mezani kwake.

Kuhusu vitisho, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisema mwaka 2009 jambo linalostahili kujulikana zaidi. Mwanamke mmoja alikuwa amehama British Gas, lakini kwa miezi kadhaa akaendelea kupokea bili na barua za kutishia kumkatia gesi, kumshtaki na kumripoti kwa kampuni za taarifa za mikopo. Kampuni ilijitetea kwamba barua zilitoka kwenye kompyuta, hivyo hakupaswa kuzitilia maanani kama ambavyo angezitilia za binadamu. Majaji walikataa: kompyuta hupangwa na watu, na barua kwa anayeisoma ni ileile. Kesi yake ikaruhusiwa kuendelea chini ya sheria ya usumbufu ya mwaka 1997. Mtetezi wa wakusanyaji atasema hiyo ilikuwa gesi, na kampuni kubwa. Ni kweli, lakini sioni kinachotofautisha mashine ya bili za gesi na ile inayotuma ujumbe wa "hatua za mwisho" kila Jumatatu.

Kuna wanaoshauri: lipa tu, upate amani. Wakati mwingine ni ushauri mzuri. Mtu anayesubiri mkopo wa nyumba mwezi ujao, akidaiwa kiasi kisichozidi posho ya siku, ana sababu ya kumaliza kwanza na kugomba baadaye, mradi apate barua kwamba deni limefutwa na rekodi itasahihishwa. Shida ni ile "lipa kidogo tu kuonyesha nia njema". Uingereza na Wales, dai la namna hii hupitwa na wakati baada ya miaka 6, Scotland miaka 5, lakini malipo ya sehemu kabla muda huo haujaisha, au barua ya kukiri, huanzisha hesabu upya. Katika majimbo mengi ya Marekani hali ni hiyohiyo. Mkusanyaji anayekubembeleza utoe kidogo kwa deni la mwaka wa tano anajua anachokifanya. Kama kuna sehemu ya bili unayoikubali, bora uilipe mapema, kwa kampuni yenyewe ikiwa deni bado ni lake, na useme kwa maandishi kwamba unalipa sehemu hiyo tu na kilichobaki unakipinga, ukitaja mistari ya bili na tarehe.

Ninachokataa kumtetea mteja ni kunyamaza. Kuzuia namba, kurundika barua bila kufungua, kuamini kwamba mtu asiye na karatasi hawezi kufika mahakamani: hapo ndipo mwenye haki hushindwa. Shirika la utafiti la Pew lilionyesha mwaka 2020 kwamba katika maeneo ya Marekani yenye takwimu, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni ziliishia kwa hukumu ya upande mmoja, kwa kuwa mdaiwa hakujibu wala kutokea. Katika kesi za aina hiyo faili lile la kompyuta, lenye jina na kiasi bila mkataba, linaweza kutosha, maana hakuna aliyesimama kuuliza mkataba uko wapi. Hukumu ikishatoka, zile dola 9.99 za utabiri wa nyota zinakuwa deni halali, zikiongezewa gharama za kesi na pengine kukatwa kwenye mshahara, na anayetaka kuzipinga lazima kwanza aiombe mahakama itengue hukumu hiyo ndani ya muda iliouweka.