Pembe nane, mlango mmoja

Nilikwenda Wisconsin, Marekani, kumsalimia dada yangu. Shemeji akanipeleka kamji ka mashambani, ng'ombe wengi kuliko watu, tukaone nyumba ya pembe nane iliyojengwa miaka ya 1850.

Bibi mmoja mwenyeji alikuwa akituzungusha na kutusimulia. Wazo hilo, akasema, alilieneza Orson Fowler, bwana aliyekula kwa kupapasa mafuvu ya watu na kuwatajia tabia zao. Mwaka 1848 akatoa kitabu: kwa ukuta wa urefu uleule, pembe nane zinakupa eneo kubwa kuliko mraba kwa kama asilimia 20. Duara ni bora zaidi, ila kulijenga kwa mbao ni kazi.

Hapo mdomo ukaniwasha. "Shemeji, mwambie babu yangu kule Shinyanga alijenga msonge bila kupapasa kichwa cha mtu!" Akatafsiri shingo upande. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Punde haja ndogo ikanibana. Nikaelekezwa mlango wa pili kulia. Sasa, nyumba ile kila chumba kinatokea kingine. Nikafungua, sebule. Nikafungua, kitanda kilichozungushiwa kamba. Nikafungua, bibi yuleyule, katikati ya maelezo! Nikatabasamu kama niliyepita kusalimia tu. Raundi ya pili nikawatokea kwa nyuma. Ya tatu, mtoto mmoja akanipungia mkono.

Ya nne nikaona kamlango kembamba. Hiki hapa choo! Nikajitosa, mlango ukajibamiza nyuma yangu. Kumbe vyumba vya mraba vikishapangwa, huko pembeni hubaki vipande vya pembetatu, navyo hufanywa kabati. Mabega yaligusa kuta mbili, pua ikagusa fagio, mguu wa kushoto ukazama kwenye ndoo. Nikapapasa kitasa: kwa ndani hakipo. Nikagonga ukuta.

Nje, sauti ya bibi ikakatika. Mtu akapiga ukelele. Kisha nikamsikia shemeji, kwa Kiswahili cha kunong'ona: "Shem, ni wewe, au ni wenyewe wa nyumba?"

"Ni mimi! Fungua, naumbuka!"

Nikatoka na ndoo mguuni, kundi zima limesimama kama foleni ya kuaga maiti. Mpwa wangu wa miaka saba akanikazia macho.

"Mjomba, msonge wa babu una milango mingapi?"

"Mmoja."

"Na choo?"

"Kiko nje, mwanangu. Nipishe."