Santuri za The Raincoats: zimefufuliwa kwa jina la nani?

Mwaka 1992 Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani, Nirvana, aliingia katika duka la santuri la Rough Trade, London, kutafuta nakala mpya ya albamu ya kwanza ya The Raincoats, bendi ya wanawake ya London, kwa kuwa yake ilikuwa imechakaa kwa kuchezwa. Hakuipata. Mwanamke aliyekuwa kaunta akamwambia kwamba Ana da Silva, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi hiyo, ni jirani yake na anafanya kazi katika duka la vitu vya kale, kisha akamchorea ramani. Cobain akafunga safari, akamkuta. Wiki chache baadaye akatumiwa santuri hiyo, kwenye mfuko uliojaa mashairi ya nyimbo yaliyotolewa fotokopi, picha na saini za wanabendi, pamoja na barua ya Ana.

Kisa hicho alikiandika mwenyewe katika maelezo ya albamu ya Nirvana, "Incesticide", Desemba mwaka huohuo. Tangu hapo ni nadra kusoma habari za The Raincoats bila kukutana nacho, na hapo ndipo panaponitatiza. Bendi iliyosahaulika inapotolewa upya kwa sababu nyota mkubwa aliipenda, je, imerudishiwa haki yake, au imekuwa pambo katika simulizi ya mtu mwingine?

The Raincoats ilianzishwa London mwaka 1977 na Ana, aliyetoka Madeira, kisiwa cha Ureno, na Gina Birch, wote wakiwa wanafunzi wa sanaa. Albamu ya kwanza ilitoka 1979, ngoma zikipigwa na mwanamke aliyejiita Palmolive, aliyetoka bendi ya The Slits, na fidla ikiwa mikononi mwa Vicky Aspinall. Zilifuata "Odyshape" (1981) na "Moving" (1984), kisha wakatawanyika. Mwaka 1991 usambazaji wa Rough Trade, jina lililotoa pia albamu hizo, ulipoanguka kifedha, kazi za bendi nyingi ndogo ziliachwa bila mlezi. Kwa hiyo santuri hizi hazikukosekana madukani kwa ubovu wake.

Wanaoutetea ufufuo wana hoja nzito. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwaka 1993 albamu zilitolewa upya, Marekani zikipitia DGC, kampuni ileile ya Nirvana. Bendi ikarudi jukwaani. Ilikuwa isindikize ziara ya Nirvana Uingereza mwaka 1994, Cobain akafariki Aprili mwaka huo, lakini wao hawakurudi kulala. 1996 walitoa albamu mpya kabisa, "Looking in the Shadows". Bila toleo la 1993 sioni njia ambayo haya yangetokea.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Toleo la 1993 la albamu ya kwanza lilikuja na maneno ya utangulizi ya Cobain. Ni maneno mazuri, tena ya unyenyekevu: anasema akiwasikiliza hujiona kama mtu aliyejificha juu katika nyumba moja nao, asiyethubutu kujitikisa wasije wakamsikia. Hata hivyo msikilizaji mpya anaingia kwa wanawake hawa kupitia mlango wa mwanamume mashuhuri, ilhali hawa ndio walioimba "Lola", wimbo wa bendi ya wanaume ya The Kinks, bila kubadili neno la jinsia, na kuugeuza wimbo wote maana.

Kisha kuna jambo dogo linaloniuma zaidi. Santuri ya 1979 inafunguliwa na "No Side to Fall In": fidla inakwaruza, besi inarukaruka, halafu vyombo vinanyamaza na sauti zao zinabaki peke yake, zikipokezana kama watu wanaojaribu wimbo jikoni. Ni mwanzo usiomkaribisha mtu kirahisi, na ndio uliochaguliwa. Kwenye diski ya 1993 wimbo wa kwanza ni "Fairytale in the Supermarket", singo (wimbo uliotolewa peke yake) nzuri sana ambayo haikuwemo kwenye santuri ile. Mnunuzi amepata wimbo wa ziada, lakini amenyimwa ule mshtuko wa kwanza. Ningeuweka mwisho.

Ndiyo maana matoleo yaliyofuata nayapa uzito mkubwa kuliko yale ya DGC. Mwaka 2009 bendi iliitoa tena albamu ya kwanza kupitia lebo yao wenyewe, We ThRee, na 2011 ikafuata "Odyshape". Hawakuhitaji tena kutambulishwa na mtu. Ni kweli santuri mpya ya kazi ya zamani si ya bei ya kila mfuko, na bendi changa zina haki ya kulalamika zinapopanga foleni kwenye viwanda vichache vya kukandamiza santuri nyuma ya kazi za miaka arobaini iliyopita. Lakini kati ya wote walio kwenye foleni hiyo, wanamuziki wanaochapa kazi yao kwa mikono yao ndio wa mwisho ambao ningewaondoa.

Na "Odyshape" ilistahili kusubiriwa. Palmolive alikwisha kuondoka, nyimbo zikatungwa bila ngoma, wapiga ngoma kama Robert Wyatt na Charles Hayward wakaongezwa baadaye. Ndiyo maana mapigo hayaongozi, yanafuata. Humo mna kalimba pia, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ndugu wa ilimba ya Wagogo. Haikuwekwa kama kionjo cha mbali. Inadondoka taratibu kati ya gitaa na sauti, na mara nyingine ndiyo pekee inayoushika wimbo usisambaratike.